Kusachi maneno ndani ya faili la giga 3: nilivohangaika mpaka nkafika kwenye ripgrep

Mie niko Wete, Pemba, na kwa miaka kadhaa sasa nnakusanya maneno ya karafuu, yaani yale ya wachumaji, wachambuaji na waanikaji, kwa sababu wazee wanaondoka na maneno yao wanaondoka nayo. Nshawarekodi wengi, nkakaa nkayataipu, nkaongeza chati za grupu letu la WhatsApp ambazo unaweza kuzitoa zikawa faili la txt, halafu nkashusha maandishi ya Kiswahili ya mtandaoni ambayo watafiti wameyaachia bure. Vyote nkaviunga pamoja. Likawa faili moja la giga 3 na kitu, na laptopu yangu ni ya Windows, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) giga 4 tu.

Mara ya kwanza nlifanya kama mtu yeyote, nkabonyeza mara mbili lifunguke. Laptopu ikaganda, feni inavuma, mausi haitembei, nkaenda kusali Laasiri nkarudi bado kiduara kinazunguka. Sababu yake nlikuja kuielewa baadae: edita nyingi, yaani programu za kufungulia na kuandikia maandishi, zinataka zilibebe faili zima kwenye ramu kabla hazijakuonesha hata mstari mmoja, sasa giga 3 utazitia wapi hapo. Nkajaribu kulikata vipande vipande, ikawa kila neno nalitafuta mara thelathini, nkachoka.

Nkahamia kwenye programu ya kuindeksi. Hizi zinafanya kazi kama faharasa ya nyuma ya kitabu, zinapita maandishi yote mara moja, zinaandika kila neno na mahala lilipo, baada ya hapo ukiuliza unajibiwa papo hapo. Kama una mafaili mengi ya PDF na Word na unatafuta neno zima zima, wallahi ni nzuri, sina neno nazo. Lakini Kiswahili hakikai hivo! Neno letu linabeba vitu mbele na nyuma. Nkiandika "konyo", mzizi wa makonyo yaani vijiti vya karafuu, naambiwa hakuna, na mie najua makonyo yamejaa mle ndani, vikonyo vimo, kikonyo kimo. Faharasa imeliweka "makonyo" kwenye M na "vikonyo" kwenye V, haijui kwamba ni kitu kimoja. Zile akili za kukata viambishi zilizomo kwenye programu hizi zimetengenezwa zaidi kwa Kiingereza na lugha nyengine kubwa, hazijui kuwa "imeanikwa" na "tunaanika" ni ndugu.

Mtoto wa dada yangu anasoma Unguja, alipokuja likizo akanikuta nalalamika. Akanambia mjomba hebu jaribu hii, akanishushia ripgrep, programu ya kusachi maneno ndani ya mafaili. Ni kifaili kidogo cha exe, unakitoa kwenye zip basi, au ukiwa na intaneti unaandika winget install BurntSushi.ripgrep.MSVC inajiweka yenyewe. Ya bure kabisa. Imeandikwa na Andrew Gallant kwa lugha ya Rust, ilitoka 2016, na hata VS Code, edita ya waandishi wa programu, ukisachi ndani ya folda ni ripgrep hiyo hiyo inayofanya kazi kwa chini. Haina dirisha wala vitufe, unaiandikia amri kwenye ile skrini nyeusi, na hapo nlisita kidogo kusema kweli.

Amri ya kwanza ilikuwa hii: rg -o "\w*konyo\w*" karafuu.txt. Yaani nitolee kila neno lenye konyo ndani yake, chochote kilichoko mbele na nyuma. Makonyo, vikonyo, kikonyo, mpaka mzee mmoja alisema "kikonyocho", vyote vikateremka kwenye skrini. Ramu haikushtuka, maana haibebi faili zima, inasoma huku inapita.

Kijana akanihadithia asili yake, na hii imenikaa moyoni. Babu wa programu hizi ni grep, aliiandika Ken Thompson pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu mwenzake Lee McMahon alikuwa anachunguza makala za zamani za siasa za Marekani ajue nani kaandika ipi, na maandishi yale yalikuwa makubwa mno hayaingii kwenye edita ya kompyuta ya wakati ule. Jina lenyewe limetokana na amri ya edita ile, g/re/p, yaani pita faili zima (global), tafuta ruwaza (regular expression), uchapishe mstari (print). Shida yake na shida yangu mie wa Wete ni moja.

Sasa ugumu. Kutafuta mzizi mtupu kunaleta takataka nyingi. Nlitaka "kuanika", nkaandika anik, nkapata mafuriko, "mafanikio" maelfu kwa maelfu, "amefanikiwa", "ananikera", "atanikuta", maana ndani yake zote mna a-n-i-k. Dawa yake ni kusema mzizi ufuatwe na nini na neno liishie wapi, hivi: rg "anik(a|e|wa|ia)\b" karafuu.txt. Ile \b ni mpaka wa neno. Mafanikio yakaondoka, ananikera ikaondoka. Ikabakia "kubanika" na "kutamanika", hizo nnaziruka kwa macho. Hii kanuni ya kuandika ruwaza, yaani umbo la maneno unayoyatafuta, ndio kitu cha kujifunza hasa, mie imenichukua kama wiki mbili za kila usiku, na kila nlichojifunza kilinilipa siku ile ile.

Kasi je? Hapa watu wanaisifu programu na kusahau diski. Nlipokuwa na hadi diski ya zamani, kila swali kama nusu dakika na zaidi, kwa sababu diski zile zinasoma mega 100 hivi kwa sekunde, hesabu mwenyewe giga 3. Nkabadilisha nkatia SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani ya kuzunguka, sasa ni sekunde saba nane. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja nunua SSD kwanza.

Kasoro zipo. Maandishi mengine ya mtandaoni mstari mmoja una urefu wa kurasa nzima, ripgrep ikikuta neno inakumwagia mstari wote skrini inajaa, mpaka utie -M 300 na --max-columns-preview ikuoneshe mwanzo tu. Tena ukisachi folda inaruka mafaili yaliyofichwa bila kukuuliza, unaweza kudhani neno halimo kumbe faili halikuguswa. Lakini yale mafaili yangu ya zamani niliyosevu Notepad kwa aina ya Unicode, ambayo amri ya findstr ya Windows ilikuwa haioni kitu, ripgrep imeyasoma bila taabu.

Na kwa kusoma, si kusachi tu, nnatumia klogg. Hii ina dirisha, inafungua faili lile lile la giga 3 bila kulipakia kwenye ramu, juu unaona maandishi na chini mistari iliyopatikana, ukibonyeza mstari unapelekwa pale pale. Kama skrini nyeusi inakutia hofu anza na klogg, ruwaza ni zile zile.

Jengine la Kiswahili chetu: ritifaa, ile alama ya kwenye ng'. Nlitafuta ng'onda, samaki wa kukausha, nkapata chache mno, nkajua si kweli, watu wa pwani hawawezi kuandika kiasi hicho wasimtaje ng'onda. Kumbe baadhi ya simu zinaandika ritifaa iliyopinda, kibodi ya laptopu inaandika iliyonyooka, na wengine hawaiweki kabisa, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbali mbali. Sasa nnaandika rg -i "ng.?onda", ile -i ni kutojali herufi kubwa na ndogo, na ile nukta na alama ya kuuliza maana yake herufi yoyote moja iwepo au isiwepo. Wakatoka wote. Nshairudia orodha yangu yote ya maneno yenye ng' tangu mwanzo, ng'oa, ng'ara, ung'ong'o, na kila moja imeongezeka mifano ambayo nlikuwa siioni.