Kozi ya mtandaoni kuhusu dini na maadili ya pamoja: majadiliano yake yanaishinda mihadhara

Nimemaliza kozi ya wiki sita inayohusu mchango wa dini katika kujenga maadili ya pamoja ya ulimwengu, na ingawa siujutii muda wangu, sehemu yake moja imeniacha na manung'uniko.

Kiini chake ni tamko la maadili ya ulimwengu lililotiwa saini mjini Chicago mwaka 1993, katika Bunge la Dini za Ulimwengu, miaka 100 baada ya mkutano wa kwanza uliofanyika katika mji huohuo. Mhadhiri haishii kusema kwamba rasimu iliandikwa na mwanateolojia Hans Küng, bali anatueleza pia kwa nini Mungu hakutajwa: ilikusudiwa Wabudha nao waweze kulitia saini. Baada ya hapo kila kundi lilitakiwa kutunga sentensi moja ya utangulizi inayoweza kukubaliwa na wote. Kundi letu la Mwislamu, Mkristo, Mbudha na mimi lilibishana dakika 40 juu ya neno "takatifu", na hatimaye likaliondoa. Zoezi hilo lilinifunza zaidi ya mihadhara yote ya wiki ya kwanza.

Wiki ya tatu ndiyo iliyonikera. Mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa China ya kale, ya Hillel, mwalimu wa Kiyahudi wa kale, ya Injili ya Mathayo na ya hadithi ya Mtume Muhammad (S.A.W.) yamepangwa katika jedwali moja, kisha tunaambiwa kwamba yote yanasema jambo lilelile. Sivyo. Confucius na Hillel wanakataza: usimtendee mwenzako usilopenda kutendewa. Mathayo anaamuru kutenda, na hadithi inaingia hadi moyoni, kwa kuwa imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee ndugu yake anachojipendelea mwenyewe. Anayenyamaza jirani yake akifa njaa anaweza kudai kwamba hajavunja katazo, lakini mbele ya amri hana pa kujitetea. Tena, huyo "ndugu" ni nani: mwenzako katika dini au binadamu yeyote? Niliuliza kwa maandishi. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, nalo lilikuwa kiungo cha kunirudisha kwenye jedwali lilelile.

Dini za asili, ambazo maadili yake hurithishwa kwa mdomo, zimepewa video fupi mno; pengine si ajabu kwa kozi iliyojengwa juu ya maandiko. Wiki ya mwisho, inayohusu ahadi ya tano ya kutunza dunia iliyoongezwa kwenye tamko mwaka 2018, ilinirudishia imani, kwani majadiliano yalirudi.

Anayetaka kujiunga ahakikishe kwanza kwamba saa za makundi zinamfaa, kwa sababu mihadhara imerekodiwa na husikilizwa wakati wowote, ilhali majadiliano hayarudiwi.