Cheti rahisi cha uasili pale Namanga: kizuri, ila kina mipaka

Kwa mchuuzi wa mpakani pale Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, cheti hiki kinachothibitisha kuwa bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ndipo Jumuiya inaposhikika mkononi. Mzigo usiozidi dola 2,000, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha ya bidhaa iliyokubaliwa kwa pamoja, haulipi ushuru wa forodha. Cheti kinagongwa muhuri hapohapo mpakani, na maofisa wa Kenya na Tanzania wako jengo moja, upande unaoingia.

Wengi hukwama kwa kudhani cheti hiki kinafuta kila kitu. Hakifuti kodi ya ongezeko la thamani (VAT) wala cheti cha afya ya mimea. Tena nchi moja ikiamua, njia inafungwa: Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Inauma sana. Beba risiti ya manunuzi, thamani isikadiriwe kwa macho.