Kibali cha usalama Marekani: kurudi kabla ya miezi 24 au baada yake

Siku unayoacha kazi inayohitaji kibali cha usalama, ruhusa ya kusoma siri za serikali inakoma hapohapo. Unasaini fomu ya kuagwa na kukabidhi kitambulisho. Kinachobaki ni ustahiki, yaani uamuzi wa serikali kwamba unafaa kupewa ruhusa hiyo, na kwa kawaida huo ndio unaohesabiwa miezi 24.

Ukipata mwajiri ndani ya muda huo, naye ana kazi inayohitaji kibali, ofisa wake wa usalama anafungua mfumo wa serikali na kuangalia jina lako. Rekodi ikiwa safi, unaweza kuingizwa kazini bila uchunguzi mpya. Wengi hukwama hapa: waliacha kazi huku kuna swali halijajibiwa, labda deni au safari ya nje ambayo hawakuiripoti. Swali hilo halifutiki kwa kuondoka. Linamsubiri mwajiri anayefuata.

Miezi 24 ikipita, unaanza upya na fomu SF-86: makazi, ajira na masomo ya miaka 10, bila pengo. Fomu inauliza pia habari za ndugu, hivyo mwenye ndugu Mombasa au Muscat aandae mapema majina, anwani na uraia wao. Andika tarehe zilezile ulizojaza mara ya kwanza, maana mchunguzi ana fomu yako ya zamani. Kama ile ya zamani ilikosewa, sahihisha na ueleze sababu.

Kwa njia zote mbili huwezi kujiombea mwenyewe. Lazima mwajiri akuombee. Na ahadi ya kutunza siri uliyoisaini kwenye fomu SF-312 haina miezi 24. Ni ya maisha.