Krimu ya pilipili kwa maumivu ya mkanda wa jeshi (Tabora): duka nyota tano, krimu nyota nne

Mama alipona malengelenge ya mkanda wa jeshi, lakini maumivu yakabaki ubavuni. Hata kanga ikimgusa anashtuka. Daktari akamwandikia krimu ya kapsaisini ya asilimia 0.075, nikaipata kwenye famasia ndogo jirani na Soko Kuu, shilingi 18,000 tyubu moja.

Nyota tano za duka ni za maelezo. Kwingine nilikopita walinitajia bei, basi. Huyu dada wa famasia alimkalisha Mama kwenye benchi, akamwambia: "Shikamoo Mama. Hii itawaka, na siku za mwanzo itawaka sana. Usiiache."

Akaeleza kwa nini. Kapsaisini ndiyo ukali wenyewe wa pilipili. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu inayohisi maumivu kuna akiba ya sabstansi P, nyuropeptaidi (kijiprotini kinachobeba ujumbe wa mishipa) ya amino asidi 11 ambayo wanasayansi von Euler na Gaddum waliigundua mwaka 1931 katika ubongo na utumbo wa farasi. Hiyo pamoja na glutamati, kemikali nyingine ya mishipa, hupeleka habari ya maumivu kwenye uti wa mgongo, nayo habari hupanda hadi ubongoni. Kapsaisini huulazimisha mshipa uimwage sabstansi P, na ndipo moto unapowaka. Kemikali nyingine ya ujumbe, serotonini, ikishamwagwa, seli huivuta ndani na kuitumia tena. Sabstansi P haina bahati hiyo: vimeng'enya huikatakata, na mpya lazima itengenezwe mbali, kwenye mwili wa seli, isafirishwe hadi kwenye ncha, kama duka la hapa linalosubiri mzigo wa treni kutoka Dar. Ukipaka leo ukaruka kesho, mzigo unaingia tena na moto unaanza upya. Siku hizi watafiti wanasema si akiba tu inayoisha, ncha zenyewe hufa ganzi na kunywea. Kipokezi (protini ya mshipa inayopokea ishara) ambacho kapsaisini hukishika kilitambuliwa mwaka 1997 na kundi la David Julius, aliyepata Nobeli mwaka 2021.

Maelezo hayo ndiyo yaliyomshikilia Mama. Alipoanza kulalamika nilimkumbusha, naye akasema, "Haya mwanangu, paka."

Krimu yenyewe haina harufu na haichafui nguo. Hupakwa mara tatu hadi nne kwa siku, kwa hiyo tyubu inaisha upesi mno, na karatasi ya ndani ni Kiingereza kitupu kwa herufi za kuumiza macho. Hapo ndipo nyota moja ilipopotea. Vaeni glavu. Ikigusa mkono, maji matupu hayaitoi: futa kwanza kwa mafuta ya kula, ndipo uoshe kwa sabuni. Maji ya moto huuchochea moto wake, kwa hiyo Mama, ambaye baridi ya Juni haimpiti bila kuoga maji ya moto, sasa anaoga mapema kabla ya kupaka.

Baada ya wiki kadhaa anajifunga kanga na kulalia ubavu ule. Vichomi vya jioni bado vipo, ila vya kuvumilika. Msiipake kabla malengelenge hayajakauka kabisa, na iwekwe mbali na macho na watoto.