Tahadhari: "Leza" ya kufuta tatuu kwa siku moja hapa Dar. Nimeungua mkono, tatuu ipo palepale

Wapendwa, naandika hii kwa mkono mmoja na nusu, mtanisamehe makosa. Kuna watu wanatangaza kufuta tatuu kwa leza hapa Dar es Salaam: mara moja tu, haiumi, haiachi kovu. Nimekwenda, nimelipa, nimeungua. Jina la ukurasa wao silitaji. Tangu nianze kuwafuatilia wameshalibadilisha mara mbili, halafu ile sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 naiogopa kuliko ninavyowaogopa wao. Nitaeleza wanavyofanya kazi, mkikutana nao kwa jina lolote mtawajua.

Tatuu yenyewe ni ujinga wa chuo. Jina la mtu na kipepeo mwenye mabawa ya kijani, upande wa ndani wa mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Mwenye jina alishajiondokea, na mimi mwezi wa 12 naolewa na mwenye jina jingine kabisa. Mwaka mzima nimeshinda na mikono mirefu ili mama mkwe asione, na joto la Dar mnalijua.

Nikaliona tangazo usiku, nikatuma ujumbe, nikajibiwa papo hapo: "Karibu mpenzi." Bei shilingi 350,000, ofa inaisha Jumapili, nafasi zimebaki 3, kianzio 150,000 na hakirudishwi. Nikatuma hicho kishika uchumba. Kwenye simu likaja jina la mwanamume, si la kliniki wala la huyo dada niliyekuwa nachati naye. Hapo mwenye akili timamu angeshtuka. Mimi niliona ofa inaisha Jumapili.

Kufika, ni nyumba ya kupanga Sinza, ghorofa ya pili, mlangoni hakuna kibao. Ndani nikamkuta kijana wa miaka ishirini na kitu kakaa kwenye kochi, amechorwa nyota shingoni. Tukapiga stori. Anataka kuomba nafasi za polisi, na mnajua matangazo ya ajira za majeshi yetu: mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Wao wamemuuzia "kifurushi cha haraka" kwa 500,000, nyota iishe ndani ya siku 7 kabla ya usaili. Kauza simu yake, kakopa kwa kaka yake. Niliingia kabla yake, na mpaka leo najilaumu kwamba nilipotoka sikumwambia akimbie. Nilitoka nalia, nikapita tu.

Chumbani kuna kitanda cha masaji na mashine nyeupe, urefu wake kama friji ndogo. Ukutani wameweka leseni kwenye fremu. Nilikuja kuisoma baadaye kwenye picha niliyojipiga: ni leseni ya biashara, ya saluni. Mhudumu akanipaka jeli ya baridi, kama ile ya kupigia ultrasaundi, akanivalisha miwani ya jua ya kawaida. Yeye mwenyewe alikuwa macho makavu. Kichwa cha ile mashine kina kioo cha mstatili, ukubwa wa kiberiti. Akakibandika mkononi, ukaja mwanga mkali, paa! Nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Akasogeza, paa! Ya tatu nikapiga kelele. "Vumilia mpenzi, ndiyo wino unatoka."

Jioni yalikuwa yameshatoka malengelenge matatu, ya mstatili, yamejipanga kama tofali. Na mimi kwa ushamba wangu nikapaka dawa ya meno. (Msipake dawa ya meno. Daktari alinigombeza kuliko alivyowagombeza wao.) Nilipowatumia picha wakasema ni kawaida, ninunue krimu ya 60,000, "ndiyo inayomalizia kazi". Nikasema nataka hela yangu. Wakanibloku.

Sasa sikilizeni nilichoelezwa na daktari wa ngozi, maana ningekijua mapema nisingeingizwa mjini.

Ile haikuwa leza. Ni taa ya kuondolea nywele, wenyewe wanaiita IPL. Mwanga wake ni wa mchanganyiko na unakaa kwenye ngozi kwa milisekunde, muda wa kutosha kuichoma. Leza ya tatuu ni mwanga wa aina moja, unapiga kwa nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde, na mashine mpya zaidi zinapiga kwa pikosekunde, ambayo ni fupi kuliko hiyo. Inapasua wino kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa. Halafu leza haiutoi wino nje. Inauvunja tu uwe vumbi, na askari wa mwili, zile seli nyeupe, ndio wanaoubeba kidogo kidogo kuupeleka kwenye matezi. Ndiyo maana kati ya mara moja na nyingine mtu anasubiri wiki 6 hadi 8. Mwili unafagia. Anayekwambia siku 7 anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa ngozi zetu kuna jambo zaidi. Mwanga unafuata rangi, na rangi ya kwanza kukutana nayo ni yako mwenyewe, si ya tatuu. Daktari aliniambia hivi: "Kilichoungua hapa ni weusi wako, wino haujaguswa." Kwa mtu mweusi wanatumia zaidi mwanga wa nanomita 1064 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), unaopenya chini bila kunywewa sana na ngozi, na huo unaufaa wino mweusi. Wino mwekundu unataka 532, ambao kwetu ni hatari, unaweza kuacha doa jeupe. Kijani na bluu ya anga ndizo sugu kabisa, zinataka mashine nyingine. Kwa hiyo mabawa ya kipepeo wangu ni kazi. Lile jina jeusi alinikadiria mara 6 hadi 10, na hata hapo akasema kinaweza kubaki kivuli. Hakuniahidi kitu. Nilitamani kumkumbatia kwa kutoniahidi kitu.

Akanionyesha na tofauti kwa macho. Leza ya kweli hutoa alama ndogo ya duara, kama punje ya choroko au kubwa kidogo, na inapogusa wino ngozi huwa nyeupe hapo hapo kama imemwagiwa chumvi, halafu weupe unapotea ndani ya nusu saa hivi. Maumivu yapo, watu wanafananisha na kuchapwa na mpira wa kufungia noti au kurukiwa na mafuta ya moto. Chumba kizima mnavaa miwani maalumu, anayefanya na anayefanyiwa, maana ule mwanga unapofua macho. Na kabla ya yote wanajaribu sehemu ndogo kwanza, unarudi nyumbani, wanaangalia ngozi yako inaponaje. Wanakuuliza kama ukipata kidonda huwa unatoka kovu la kuvimba. Mimi sikuulizwa hata jina la baba.

Mtu akikutangazia, muulize jina la mashine na ni ya nanomita ngapi. Akianza "mpenzi usiwe na wasiwasi", ondoka. Daktari ana namba ya usajili ya Baraza la Madaktari, iombe. Vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Leseni ya biashara haimfanyi mtu kuwa mtabibu, na kliniki inayokosa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ina sababu zake. Zile krimu za kwenye kopo lisilo na lebo achaneni nazo kabisa. Hakuna krimu inayofika wino ulipo bila kuchubua kilicho juu yake.

Kama umeshaungua, maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, usitumbue lengelenge, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mimi nilikaa siku 4 kwa aibu, ndiyo maana kidonda kimoja kilioza.

Yule kijana nilimpata kwa bahati, tulikuwa tumeachiana namba na anatumia simu ya kaka yake. Shingo ilikuwa inatoa maji. Nimempeleka kwa daktari yuleyule, anaendelea vizuri, ila usaili umepita na nyota yake iko pale, sasa hivi ina fremu. Tumefungua RB pamoja, yaani taarifa polisi yenye namba. Askari alituuliza jina la mtuhumiwa, tukampa namba ya simu na jina lililokuja wakati wa kutuma hela. Tumeambiwa tukiwapata wengine waliotapeliwa tuungane.

Ndiyo sababu nyingine ya kuandika. Juzi wameibuka na ukurasa mpya, na picha ya "kabla" ni mkono wangu mimi, walinipiga siku ile kabla ya kuanza. Utaujua: kipepeo wa kijani, na pembeni ya bawa la kulia nina kidoti cheusi cha kuzaliwa. Picha ya "baada" ni mkono wa mtu mwingine kabisa, msafi, hauna kipepeo wala kidoti. Ukiiona hiyo picha, ndio hao. Kama ulishawatumia hela, nitumie ujumbe tulinganishe namba, na RB nitakupa.