Bunduki ya povu ya kuoshea gari nyumbani: ya kununua kwanza na ya kuacha dukani

Kabla hujatoa hela, toka nje ukaangalie simtanki lako limekaa juu kiasi gani. Mimi sikuangalia. Nilinunua bunduki ya povu ya kuchomeka kwenye mpira wa maji, nzuri kwa macho, ina chupa yake na kichwa cha kuzungusha, nikaifunga Jumamosi asubuhi nikijua leo IST yangu itavikwa shela. Kilichotoka ni maji ya sabuni, yakateremka kwenye boneti mpaka chini. Mtoto wa jirani akasimama getini, akatazama weee, akauliza: "Anko, hiyo ni sabuni au uji?"

Bunduki haikuwa na kosa. Maji ya tangi yanashuka kwa uzito wake tu, na kimo cha mita 10 ndiyo kinakupa presha ya bari 1 hivi. Tangi langu liko kwenye mnara wa mita 3, kwa hiyo nina bari 0.3. Bunduki za aina ile zimetengenezewa nyumba ambazo maji ya bomba yanakuja na bari 2 mpaka 4. Ukitaka kujipima bila kifaa chochote, fungua maji, shika ncha ya mpira, uinyanyue polepole. Pale yanapoacha kutoka ndipo usawa wa maji tangini ulipo. Nguvu uliyonayo ndiyo hiyo, hakuna nyingine iliyojificha.

Ndiyo maana orodha yangu inaangalia kwanza maji ya nyumba zetu, bei baadaye.

Na tuelewane kuhusu povu lenyewe. Kazi yake ni kulainisha vumbi na mchanga ili vishuke kabla sponji haijagusa rangi. Ile mikwaruzo ya duara unayoiona kwenye gari jeusi likipigwa na jua ni chembe za mchanga zilizosuguliwa kwenye klia (ile tabaka angavu juu ya rangi), kwa sponji chafu, au kwa dodoki ambalo lingebaki bafuni. Anayekwambia povu peke yake linaosha gari ana mzigo wa kuuza. Suuza povu, pitisha kidole mlangoni, utaona bado kuna utando. Mkono utafanya kazi tu, ila sasa mchanga mwingi umeshaondoka.

Namba 1: Bomba la mkono la lita 2

Hili unalijaza upepo kwa kusukuma mpini juu chini, kama lile la kupulizia dawa kwenye maua. Presha unaitia mwenyewe, kwa hiyo halijali tangi lako liko wapi wala kama maji yamekatika tangu Jumatano. Ndoo mbili za maji na bomba hili, gari linaoshwa.

Tofauti yake na bomba la dawa iko kwenye pua. Ndani ya pua ya povu kuna kipande cha sponji au wavu unaochanganya sabuni na hewa. Dukani ifungue, chungulia. Ukikuta tundu tupu, hilo ni bomba la kunguni, hata kama boksi lina picha ya gari limejaa povu. Angalia pia kama lina valvu ya kutolea upepo, maana usipoutoa kwanza ukafungua kifuniko, sabuni inaruka usoni. Na omba ringi za mpira za akiba. Zikilegea, upepo unavuja na utapampu mpaka bega lilie.

Jaza lita 1.5 tu, uache nafasi ya hewa. Sabuni mililita 50 mpaka 75. Pampu mara 25 au 30, ukisikia mpini unakuwa mgumu inatosha. Gari dogo linamalizika kwa ujazo mmoja. Noah au Prado utajaza tena. Povu lake ni laini na la majimaji kidogo, linakaa dakika 3 mpaka 5 kabla ya kuteremka, na muda huo unatosha vumbi la mjini. Matope ya barabara ya shamba yanahitaji raundi ya pili.

Langu nilichukua Kariakoo kwa elfu thelathini. Muuzaji alianzia arobaini na tano, kwa hiyo nenda na muda. Ukimaliza kuosha, weka maji matupu, pampu kidogo, upulizie mpaka yatoke safi. Sabuni ikikaukia ndani ya pua, wiki ijayo utapata mate tu.

Namba 2: Chupa ya povu ya presha washa

Hili ndilo lile povu zito la kwenye video, linaloning'inia kwenye saiti mira kama pamba. Uzuri wake sibishani nao. Nimeiweka ya pili kwa sababu chupa peke yake haifanyi kitu, inataka presha washa, yaani mashine ya kurusha maji kwa presha, na mashine ni hela ndefu kwa mtu wa gari moja. Kama mashine unayo tayari, basi kwako hii ndiyo namba 1.

Umeme usikutishe. Mashine ndogo kama Kärcher K2 ina wati 1400, nusu saa inakula uniti 0.7 za LUKU. Cha kukutisha ni waya wa eksitensheni, ule mwembamba mweupe wa sebuleni. Ushike baada ya dakika kumi, utausikia umepata moto. Tafuta waya mnene, soketi ikae juu pakavu, na nyumba iwe na ethi inayofanya kazi kweli. Unasimama kwenye maji, kumbuka.

Kwa maji, mashine hiyo inapitisha lita 360 kwa saa, yaani 6 kwa dakika. Tangi la juu linaweza kumudu kama mpira ni mnene na haujajikunja. Ikikosa maji ikaendelea kuzunguka kavu, sili za pampu zinakufa, kwa hiyo msaidizi asicheze na koki.

Sasa chupa yenyewe. Kwanza, mdomo. Kärcher wana mdomo wao, Bosch wana wao, na mashine nyingi za Kichina zina uzi wa kufungia wa kipimo cha M22. Hapo kwenye M22 ndipo watu wanaliwa: kuna wa milimita 14 na wa 15 kwa ndani, kwa nje vinafanana kama mapacha, na ukivichanganya vinafunga vizuri halafu vinavuja. Beba bunduki ya mashine yako dukani, uunganishe palepale kaunta.

Pili, uzito. Kichwa cha shaba ni kizito mkononi. Cha plastiki kilichopakwa rangi ya dhahabu ni chepesi, na uzi wake hulika mapema. Tatu, tundu la ndani. Chupa nyingi zinakuja na la milimita 1.25. Mashine ndogo za lita 6 kwa dakika zinapendelea la 1.1, vinginevyo povu linakuwa jepesi na wewe unalaumu sabuni.

Kipimo changu ni mililita 100 za sabuni, zilizobaki maji mpaka lita 1. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, ule wavu wa chuma ndani ya kichwa utaziba taratibu. Uloweke kwenye siki usiku mmoja, usuuze.

Ukirudi kusuuza kwa presha, kaa mbali na rangi, sentimita 30 au zaidi. Ile nozeli inayozungusha maji ni ya zege, si ya rangi.

Namba 3: Bunduki ya kuchomeka kwenye mpira

Ile yangu ya uji. Inafaa nyumba yenye pampu ya kusukuma maji ndani, au kama uko mtaa ambao maji ya DAWASA yanakuja kwa nguvu na unaunga mpira moja kwa moja kabla ya tangi. Hapo ni nzuri kweli, haina umeme wala kelele. Vinginevyo iache. Yangu bado ipo, mke wangu anamwagilia nayo mchicha na hajawahi kulalamika.

Namba 4: Bunduki ya betri

Hizi zimejaa siku hizi, boksi zuri, betri mbili, limeandikwa 88VF au 98VF. Usihesabu hizo kuwa voti. Fungua betri utakuta kwa kawaida seli 5 za lithiamu, ambazo ni voti 18 mpaka 21, sawa na ya drili. Inavuta maji kwenye ndoo, na hilo ni jambo zuri kwa anayeishi ghorofani na kuegesha chini. Lakini presha yake ni ndogo, na chupa yake ya povu inatoa kitu kinachofanana na cha bomba la mkono, kwa bei ya mabomba kadhaa. Betri ikichoka, kupata inayolingana ni kazi nyingine.

Sabuni isikuharibie hesabu

Nunua shampuu ya gari yenye pH ya karibu 7, yaani isiyo tindikali wala kali. Najua sabuni ya dumu ya lita 5 inayotengenezwa mtaani inatoa povu la ajabu. Inatoa, ila wengi wanaipa uzito kwa chumvi, na chumvi na bati si marafiki. Sabuni ya vyombo inapunguza nta uliyopaka. Ya unga ni kali, na chembe zisizoyeyuka zinaziba pua ya bomba.

Osha kivulini, boneti ikiwa baridi. Mimi naanza saa 12 na nusu asubuhi, kabla kunguru hawajaamka vizuri kwenye mwembe. Kinyesi chao kikiwa kimeshakauka, wekea kitambaa chenye maji ya sabuni dakika tano kilainike, usikikwangue. Na kama maji yako ni ya kisima, usiache gari likauke lenyewe: madoa meupe yatakayobaki ni chumvi na chokaa, na jua la saa nne likishayapiga, kuyatoa ni siki na maneno makali. Weka taulo la maikrofaiba begani kabla hujaanza kusuuza, ufute paa kwanza, halafu vioo, milango mwisho.