Uzoefu wangu kubadilisha rufu ya ndani ya Volkswagen Kobe (Dar)

Nina Volkswagen Kobe (Beetle) ya mwaka 1972, injini ya 1300, ya mzee wangu. Nikiwa mdogo alikuwa ananipeleka nayo shule, nasimama nyuma kati ya siti mbili za mbele naangalia juu kwenye ile rufu nyeupe ya reksini yenye vitundu vidogo vidogo, navihesabu mpaka tunafika. Sasa hiyo rufu ndo nimeibadilisha mwaka huu na nimelipia mara mbili, ndo maana naandika, kama una gari ya zamani soma kabla hujatoa hela.

Ilivyoanza, reksini ilishakauka kabisa, ikapasuka juu ya kioo cha nyuma ikawa inaning'inia, ukipita kwenye matuta unga wa pamba ya zamani unakudondokea shingoni. Nikampa fundi mmoja wa siti kava, kijana mchangamfu tu, akaniambia hiyo kazi ya nusu siku, laki na nusu, jioni njoo chukua gari. Akachana rufu ya zamani kwa wembe, akachomoa vile vyuma vya juu akavitupa kona ya banda, akaleta kitambaa chenye sponji kwa nyuma, akapuliza gundi ya kopo kwenye bati akabandika hivyo hivyo bila kugusa kioo hata kimoja, pembeni akakata kwa wembe akachomekea chini ya mpira wa kioo kwa bisibisi. Wiki mbili za kwanza ilipendeza kweli. Ikaingia Januari, gari inalala juani ofisini toka asubuhi, katikati ikaanza kushuka taratibu kama chandarua kilichokatika kamba, mpaka inanigusa kichwani naendesha. Nikarudi kwake akasema ni jua.

Jua kweli lina mchango ila kosa lilikuwa kwenye kazi yenyewe, na hili nimelielewa baadae. Gari za siku hizi rufu yake ni ubao ulioumbwa kiwandani, kitambaa cha sponji kinabandikwa kwenye ubao na ubao unafungwa juu, kwa hiyo kikishuka unashusha ubao unabandika kingine. Kobe haina ubao. Rufu yake inashonwa kama nguo, kwa upande wa juu ina mifuko myembamba mirefu inayokatiza upana wa gari, kwenye kila mfuko kinapita chuma kimoja kilichopinda kama upinde, na ncha za chuma zinakaa kwenye matundu yake juu ya milango. Reksini inaning'inia kwenye vyuma halafu inavutwa mbele, nyuma na ubavuni mpaka ikaze kama ngozi ya ngoma, gundi inashika kingo tu. Haibandikwi kwenye bati la juu, na bati la juu saa nane mchana unajua lenyewe linavyochemka.

Fundi rangi wangu ndo akanielekeza kwa mzee mmoja Keko, anashona makochi ila zamani alikuwa anashona magari. Nikamkuta na cherehani yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu." Akaingia kwenye gari, akalala chali siti ya mbele, kimyaa, anapapasa juu ya milango kwa vidole. Kitu cha kwanza kuniuliza, "Vyuma vyake umeweka wapi?"

Ikabidi nirudi kule kwa yule kijana nikafukue kona, nikavipata vyote kasoro kimoja. Mzee akanunua chuma chembamba cha mviringo akakipinda mwenyewe kwa goti na kipande cha bomba, anajaribisha juu, anashusha, anapinda tena, maana vyuma vya Kobe havilingani, kila kimoja kina mpindo wake na ukivichanganya rufu haikai. Bahati nyingine vipande vya reksini ya zamani nilikuwa nimevihifadhi kwenye kiroba nyumbani, akavifumua mshono kwa mshono, akaviandika namba kwa chaki, ndo ikawa ramani ya kukatia mpya.

Halafu akaniambia vioo vitoke, cha mbele, cha nyuma na vile vya ubavuni nyuma. Nikamwuliza hata cha mbele mzee? Akasema, "Reksini inazunguka ukingo wa dirisha inaingia chini ya mpira. Kama hutaki kutoa kioo basi hela yako kaa nayo."

Bei yake laki sita na nusu ufundi, mbali na reksini mita nne, gundi, na mipira mipya ya vioo niliyonunua mwenyewe. Aliniahidi siku tano zikawa tisa, mbili kwa mvua na mbili kwa sababu kioo cha mbele kilipotoka tukakuta kutu kona ya chini kushoto, miaka yote najua maji ya kwenye kapeti yanaingia mlangoni kumbe yanapita pale. Ikapigwa msasa, redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu), halafu rangi. Hapo tu mimi naona hela yangu ilirudi.

Siku ya kufunga nilikaa kuanzia asubuhi. Reksini ilianikwa juani kwanza ilainike, vyuma vikapita kwenye mifuko, akaanza katikati, akavuta mbele kisha nyuma, ubavu mwisho. Gundi ya kingo anapaka pande zote mbili, ukingo wa bati na reksini, anasubiri mpaka ukigusa haigandi kidoleni ndo anabandika, na kila anapobandika anabana kwa kibanio cha nguo, dirisha la mbele likawa na vibanio vya rangi rangi mzunguko mzima. Mikunjo iliyobaki akaifuata na draya ya saluni. Kioo cha mbele kilirudi kwa kamba, kamba inalazwa kwenye mfereji wa mpira, mmoja nje anasukuma kioo kwa viganja, mwingine ndani anavuta kamba taratibu na mdomo wa mpira unapanda wenyewe juu ya ukingo. Na maji ya sabuni mengi.

Kasoro zipo. Kona ya nyuma kushoto kuna mkunjo mmoja haukutoka, na ile ndoano ya kutundikia koti ilifunikwa, tundu lake halijulikani lilipo. Ila imepita masika yote na hakuna pembe iliyoachia hata kidogo.

Mzee wangu nilimpeleka Jumapili, akakaa siti ya nyuma, akainua mkono akapapasa.

"Mbona haina vitundu?"

"Yenye vitundu haikupatikana baba, nimezunguka Kariakoo yote."

Akanyamaza, akapapasa tena mpaka kwenye mshono. "Imekazwa hii. Mpelekee huyo fundi salamu zangu."

Nusu mita ya reksini imebaki nimeikunja naiweka kwenye buti la mbele, sio chini ya siti ya nyuma, maana kwenye Kobe betri inakaa pale.